Candia Hayupo, Mimi ni Mshindi

Jumanne, 10 Septemba. Arua.
Nimeonewa tangu kuzaliwa! Candia kwa Kilugbara ni taabu. Bibi aligombana na majirani, shida zake akanibandika mimi, mtoto wa siku tatu! Aliyenifumbua macho ni Basile, Mkongo muuza vitenge hapa Onduparaka. Alisoma falsafa Bunia. Anasema mutu anazaliwa bule, hana maana. Maana anajitengenezea kwa anachochagua. Wazo hilo yeye alilisomea mwaka mzima. Mimi nimelielewa kabla chai haijapoa.

Jumatano, 11 Septemba.
Nimechagua. Mimi ni Mshindi. Bibi ameita Candia mara nne, eti nikachote maji. Kimya. Ya tano alikuja na mwiko. Nikamweleza kuwa Candia ni kitu kilichotengenezwa na watu wengine. Akasema sawa, na enya hii, ugali huu wa muhogo, ilipikiwa Candia. Nimelala njaa!

Ijumaa, 13 Septemba.
Kesho mechi Koboko. Kipa ni mimi, nani mwingine? Aliga, kipa wa akiba? Yule anadaka mpira kama anapokea makaa! Nimemwambia kocha Obeti aniandike Mshindi. Eti orodha imeshapelekwa, nisimsumbue. Nikaapa mbele ya timu nzima, na Harriet, msichana ninayemtaka, akisikia: jina la taabu siliitikii tena. Aliga akaniambia, apa, ndugu yangu, apa sana. Nilidhani ananiunga mkono.

Jumamosi, 14 Septemba. Koboko.
Wizi! Mwamuzi anasoma majina, unaitika ndipo unaingia. Candia! Kimya. Candia! Obeti ananikonyeza kama kaingiwa na vumbi jichoni. Mtu huru haitiki. Mara ya tatu Aliga akajibu kwamba Candia iko nyumbani, anaumwa. Akavaa glavu zangu. Zangu! Akadaka na penalti. Harriet akapiga vigelegele kando yangu, nimeshika maji ya timu.

Jumapili, 15 Septemba.
Nimemfuata Basile kumlaumu. Eti kunyamaza nako nilikuchagua, kwa hiyo sasa mimi ndiye yule aliyenyamaza. Upuuzi! Sikuchagua chochote. Ni lile jina! Mtu aitwaye Taabu angefanya nini? Kosa ni la bibi.
Jumamosi ijayo tunarudiana na Koboko. Mshindi nimemfuta, ana mkosi. Kuanzia leo ni Bingwa, na mwamuzi akiniita jina lingine, atangoja sana.