Homa ya Mwandishi wa Mtaala

Jumatatu, 9 Machi
Wakaguzi wa mafunzo ya uuguzi wanafika Kasese Alhamisi kuutazama mtaala mpya wa chuo chetu. Mtaala mpya hakuna! Nilipewa miezi minane niuandike upya. Nimebadilisha tarehe tu. Sista Yunia, anayekitolea macho kiti changu, ameniuliza kwa upole kama sura ya magonjwa ya kuambukiza nimeigusa. Nimesema nimeigusa sana. Nikifukuzwa, nirudi Kyondo kuchuma kahawa ya baba mkwe? Mungu wangu.

Jumanne, 10 Machi
Nimepata! Nitaugua. Nimempigia mkuu wa chuo, Bi Enid, kwa sauti ya kukata roho: homa kali, kichwa, natapika. Ili anihurumie zaidi nikaongeza kwamba wiki nzima nilikuwa Bwera, mpakani, nikiwahoji wauguzi kwa ajili ya mtaala. Akaniuliza mara mbili kama ni Bwera kweli, kisha akaniambia nisitoke chumbani, nisiguse mtu.

Mjinga mimi! Homa, tena ya mpakani, ile ya kutokwa damu, inayoua kwa kumgusa tu mgonjwa! Huku nani hajui inavyokwenda? Saa moja baadaye gari limekuja, watu wamevaa plastiki mpaka kwenye kope. Majirani wamenikimbia. Nimekiri sina homa yoyote. Wameandika: mgonjwa anachanganyikiwa.

Jumatano, 11 Machi
Karantini. Damu wamechukua. Chumba cha pili yupo Shakib, dereva wa lori aliyeshushwa kwenye kizuizi cha Kikorongo akitetemeka. Anasema yeye iko na malaria tu. Nasikia anavyotapika. Nimejibana ukutani, sigusi hata kikombe. Wauguzi ni wachache, kwa hiyo wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho wanasaidia. Wanafunzi wangu!

Alhamisi, 12 Machi
Wakaguzi wamenifuata huku huku. Wamesimama nyuma ya kioo pamoja na Yunia. Mwanafunzi wangu Phionah ametoka kumsafisha Shakib, akaja mlangoni kwangu kuvua mavazi ya kinga. Mkono wenye glavu chafu ukaenda moja kwa moja usoni.

“Phionah, acha! Glavu kwanza, unawe, maski mwisho!”

Akasimama, akaniangalia kwa heshima. “Lakini mwalimu, ni wewe uliandika maski inatoka kwanza. Ukurasa wa arobaini.”

Ni kweli. Mtaala wa zamani niliuandika haraka, sikurudia kuusoma. Mtoto wa watu angekufa kwa sababu yangu. Nimelia mbele ya kioo, wote wakiniona. Mkaguzi ameandika muda mrefu.

Ijumaa, 13 Machi
Majibu: Shakib ni malaria. Mimi sina kitu. Nimepiga magoti nikamshukuru Mungu. Wakaguzi wamenipa wiki mbili niandike mtaala wote upya, Yunia akinisimamia. Nimeapa mbele yao sitadanganya tena maishani.

Alhamisi, 26 Machi
Kesho ndiyo siku yenyewe. Nimemaliza dibaji tu. Nimempigia Bi Enid kumwambia kwamba nimeng'atwa na mbwa, tena pabaya, siwezi kukaa nikaandika. Homa sikuitaja, safari hii nina akili. Amesikitika mno. Amesema mbwa si mchezo, lazima sindano, na si moja. Phionah yuko njiani anazileta.

Sindano ni sura ya tisa. Sikumbuki niliandika nini.