Thobwa ya Ng'ambo

Jumatatu, 10 Julai 1995. Nkhata Bay, Malawi.

Salamu kwanza. Baba Rosemary, hujambo? Rosemary mwanangu, hujambo? Mathias, umevaa sweta? Julai ya Songea si ya kuchezea. Bibi wa Mshangano, shikamoo, na mguu unaendeleaje? Mbuzi je, anakula? Na Walburga jirani... haya, na yeye, maana mimi Mkristo. Najua daftari halijibu. Lakini kuanza kuandika bila kusalimia watu ni utovu wa adabu.

Nimevuka ziwa salama, nikitapika kidogo. Niko kwa Aurelia, rafiki yangu wa toka usichana, aliyeolewa huku. Anadhani nimemkumbuka. Nimemkumbuka kweli! Lakini nina jambo. Jumapili wakwe wanatoka Ruhuwiko kuja kwetu Msamala kumposa Rosemary. Na Rosemary, niliyemzaa mimi, kasema chakula apike Walburga! Eti Walburga ana chipsi na juisi ya pakiti. Eti vyangu ni vya kila siku. Nililia jikoni, nikasingizia moshi. Basi nitarudi na kitu cha ng'ambo. Walburga atakoma.

Jumanne, 11 Julai.

Sokoni na Aurelia. Nimeonja kila kilichowekwa mezani. Mandasi: ni andazi letu, limekosewa herufi. Muhogo wa kuchoma: muhogo. Nikaagiza vitumbua, nikaletewa madonge ya ndizi mbivu na unga wa mahindi! Nikagoma. Nikaonja. Nikala sita. Aurelia akaniuliza kama Songea kuna njaa. Matamu, sikatai, ila ndizi mtu yeyote anaponda. Walburga angeniiga siku hiyohiyo.

Jumatano, 12 Julai.

Nimepata! Stendi kuna mama ana ndoo ya kinywaji. Kizito, kitamu, halafu mwishoni kinauma ulimi kidogo. Kinaitwa thobwa. Nikasema tangu nizaliwe sijanywa kitu kama hiki. Aurelia akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Akasema, dada wee, hiyo si togwa yetu? Mahindi na kimea cha ulezi! Nikamwambia togwa naijua, napika kila Jumamosi. Hii ina ladha ya nje. Masikini Aurelia. Amekaa ugenini mno, ulimi umesahau kwao.

Nimejaza dumu. Nikakaza kifuniko, nikazungushia nailoni na mpira wa baiskeli. Aurelia akanionya nikilegeze, eti bado inachacha, itapasuka. Nikamjibu kwa upole kwamba inayochacha ni togwa.

Ijumaa, 14 Julai. Nyumbani.

Mbamba Bay afisa wa forodha alinusa dumu, akasema pita mama na togwa yako. Na huyo ndiye tuliyemweka alinde mpaka! Ndani ya lori dumu likavimba kama mama wa miezi tisa. Abiria wote wakasogea, wakaniachia nafasi. Watu wa njia ya Mbinga wana heshima. Nadhani thobwa imeongezeka. Togwa yangu ikikaa chunguni haiongezeki hata kikombe. Tofauti si hiyo?

Jumapili, 16 Julai.

Wakwe walifika. Walburga akatandaza chipsi. Rosemary akaniomba nikae tu nipumzike. Kupumzika! Siku ya mwanangu! Nikaingia na dumu, nikatangaza kinywaji kutoka Malawi. Kifuniko kikagoma. Nikalibana dumu kwa magoti mbele ya mzee Polikarp, baba wa kijana. Nikavuta mpira.

Mungu wangu! Kifuniko kilipiga bati. Thobwa ikamwogesha mzee, koti na tai, ikaenda kuzima chipsi. Nikajua nimevunja uchumba wa mwanangu. Nikawa namfuta mzee kwa kanga. Mzee akalamba sharubu. Akalamba tena. Akauliza kama dumuni imebaki.

Walburga akasema kwa sauti, jamani, si togwa hiyo? Mzee akamjibu kwamba ni togwa haswa, hajanywa kama hiyo tangu mama yake afariki, na harusini hataki kuona juisi ya kupaka ulimi rangi. Hapo Rosemary akanishika bega mbele ya watu wote. Akasema harusini atapika mama mwenyewe, maana ya mama inaishinda hii kwa mbali. Nililia bila kujificha.

Jumatatu, 17 Julai.

Nimefikiri vizuri. Rosemary ana moyo wa dhahabu, ila vinywaji havijui. Siku ya harusi niwape wakwe togwa ya jikoni kwangu? Ya kila siku? Aibu! Nimemwandikia Aurelia hivi: mpenzi, mkwe ameipenda thobwa, naomba unitumie madumu kumi kwa meli. Vifuniko mpe fundi avikaze kwa koleo, maana kile cha kwanza kilifyatuka kwa sababu nilikilegeza. Nijibu upesi, mwenzangu, kwa meli hiihii ikigeuza. Walburga ameanza kuulizia nauli ya Malawi.