Malalamiko ya Watazamaji wa Dirishani

Kwa Kiongozi wa Maandamano ya Jumamosi,
ambaye pia ni dada yangu wa tumbo moja,

KUHUSU: KUSHUKA KWA KIWANGO CHA MAANDAMANO YENU

Shikamoo dada. Natumaini goti linaendelea vizuri. Hapa kwangu sote wazima, cherehani zote mbili zinafanya kazi, na leo nakuandikia si kama mdogo wako bali kama Katibu wa Kamati ya Watazamaji, chombo usichokijua kwa sababu hujawahi kutuuliza.

Unajua kwamba dirisha la chumba changu cha kushonea ndilo kubwa kuliko yote mtaani. Tangu mlipoanza kuandamana kudai kura za kituo chetu zihesabiwe upya, majirani huja hapa kila Jumamosi asubuhi kuwatazama. Tuko kumi na wawili. Hatuna upande. Siasa tumewaachia wenyewe. Lakini mtu asiye na upande bado ana macho, na kwa wiki saba tumevumilia mengi. Tafadhali yapokee kwa moyo mkunjufu malalamiko yafuatayo.

1. Hamfiki kwa wakati. Mlitangaza saa tatu, mkapita saa nne kasorobo. Mama mwenye nyumba alikuwa ameacha nguo kwenye beseni ili asiwakose, povu likaisha lote. Watu wanaodai haki waheshimu muda wa wenzao.

2. Bango lenu kubwa linasomeka na walio mbele tu. Sisi tulio juu tunaona ukingo wake peke yake, ambao, nasema kama fundi, umeshonwa ovyo. Mngeleta kwangu ningewapigia pindo la maana. Sijajitolea, nasema tu.

3. Idadi yenu inatuvunja moyo. Mlianza watu mia mbili. Wiki ya tatu mkawa sitini. Jumamosi iliyopita nilihesabu kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa anavuka barabara kwenda kwenye shughuli zake. Yaani waandamanaji kumi, wewe ukiwemo, na watazamaji kumi na wawili! Mtu hawezi kuacha kazi zake aje kutazama watu kumi. Tunauliza, wengine wako wapi? Mwalimu mstaafu wa hesabu, akiwa amekaa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, kikombe mkononi, alisema kwa uchungu kwamba watu wa siku hizi ni wavivu na hawajali lolote. Sote tuliafiki, tukamwongezea chai.

4. Ulitutazama. Ulisimama chini ya dirisha letu, ukashusha kipaza sauti, ukainua macho, ukakaa hivyo karibu dakika nzima. Dada, tunajua kilichotokea. Wewe ndiye uliyesimamia kituo, ukazihesabu kura za yule mama mgombea kwa mikono yako, mia nne na sita, na kesho yake mlangoni ikabandikwa karatasi nyingine inayosema mia moja na sita. Kura yangu imo katika hizo mia tatu zilizoyeyuka. Na za hawa wa dirishani zimo, wala usiniulize nimejuaje. Nasikia pia wakubwa wamekuambia kwamba msipofika ishirini Jumamosi hii, watachukulia kuwa wananchi wameridhika na faili litafungwa. Poleni. Lakini ndiyo ututazame kana kwamba ni sisi tuliozichukua? Niliona haya, dada, haya ya kweli, na tangu siku hiyo nimekosea mkono wa koti moja mara mbili. Mwenye koti analalamika, nami namwelekeza kwako.

5. Hili ndilo zito. Maandamano yenu yameivuruga nyumba yetu iliyokuwa imetulia. Ili barua hii iende kwa utaratibu, tuliamua kumchagua Mwenyekiti wa Kamati. Wagombea walikuwa wawili, mama mwenye nyumba na fundi saa wa chini. Tulipiga kura kwenye vipande vya karatasi ninayochorea vipimo, tukavitia katika kopo la vifungo. Fundi saa akajitolea kulichukua kopo dukani kwake, ahesabu mahali penye utulivu. Tukaona ni mtu mwema.

Alirudi na matokeo. Fundi saa kura kumi na tisa, mama mwenye nyumba kura mbili.

Tuko kumi na wawili, dada! Mimi nilimpigia mama mwenye nyumba. Mwalimu naye vilevile. Fundi bomba naye, tena aliandika kwa herufi kubwa. Tulipouliza, fundi saa akasema uchaguzi umekwisha, tusilete fujo, tuangalie ya mbele. Ni maneno yale yale niliyokuambia mimi siku ulipokuja kwangu na karatasi zako. Sikujua kwamba yanauma hivi. Cheo chenyewe hakina hata kiti, lakini mama mwenye nyumba alilia, na mwalimu tangu juzi hali chakula vizuri; anakaa tu anajumlisha kumi na tisa na mbili.

Kwa hiyo Kamati inadai kura za kopo zihesabiwe upya hadharani. Na kwa kuwa ni ninyi mliotuambukiza ugonjwa huu wa kudai, mje mtusaidie. Wenyewe tumejaribu. Tumewapigia kelele wapita njia kutoka dirishani, tumewaeleza kisa chote. Wanasimama, wanatutazama, wanacheka, wanakwenda zao. Sijui watu wameumbwa na moyo gani.

Nasubiri majibu yako, na yawe ya maandishi. Nisalimie shemeji na watoto, wasalimie wenzako tisa mmoja mmoja, na yule aliyekuwa anavuka barabara mkikutana naye.

Ni mimi mdogo wako, fundi cherehani,
Katibu wa Kamati (niliyechaguliwa kihalali; sikuwa na mpinzani).

Nyongeza: Naandika haya Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, nimekaa kwenye ngazi na wenzangu. Barua nitakukabidhi mwenyewe mkononi. Mwalimu amepiga hesabu mara tatu: ninyi kumi, sisi kumi na mmoja, jumla ishirini na mmoja. Fundi saa tumemwachia dirisha lote, ajitazamie. Msianze bila sisi, dada, nakuomba. Tunamsubiri mama mwenye nyumba tu, yuko ndani anatafuta viatu vya kwenda mbali.