Mshumaa wa Edna

Jumanne, 10 Januari 2023

Siku ya bahati! Wakala mmoja wa safari huku Uarabuni, mtaa wa Deira, ametangaza: mahujaji kumi kwenda Yerusalemu mwezi ujao, siku tano. Kiongozi wa kikundi anasafiri bure. Sharti moja tu, awe amewahi kufika.

Mimi sijawahi kufika. Ila mama yangu kule Mbinga anaamini nimefika, na parokia nzima inaamini, maana mama hafichi jambo jema. Nilimwambia mwenyewe, Novemba mwaka juzi. Dada yangu Edna alikuwa amefariki miezi miwili nyuma na sikuweza kwenda kumzika. Mama akapiga simu analia. Akasema Kasian, wewe uko huko huko karibu na Nchi Takatifu, nenda kamwashie dada yako mshumaa pale alipolazwa Bwana. Ukiwa Mbinga, kila kitu cha Uarabuni kiko karibu. Nikasema sawa. Wiki moja baadaye nikampigia: tayari mama, umewaka vizuri.

Nilikuwa nimekaa kitandani hapa Al Qusais, nakula chapati.

Mpango basi: niende kweli, niwashe kweli. Uongo wangu utakuwa ukweli uliochelewa, basi. Nimemwambia Redempta, mkubwa wa kwaya yetu ya Waswahili, kwamba Yerusalemu naijua. Amefurahi sana. Gerishom, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, hakufurahi. Ni mlinzi wa jengo. Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyesahau kitambulisho.

Ijumaa, 13 Januari

Leo nimekwenda shule. Idd wa chumbani kwetu ni dereva wa Bi Kuruthum, mama mtu mzima wa Kizanzibari anayekaa Al Twar, na Bi Kuruthum amewahi kufika! Idd hapendi mipango yangu, lakini alinipeleka baada ya sala ya Ijumaa. Nikapewa kahawa na halua. Nikatoa daftari.

Alikwenda na baba yake, yeye akiwa na miaka kumi na moja, kabla ya vita vya sitini na saba. Yerusalemu yeye anauita Kudsi. Nikamwuliza mji ukoje.

“Mawe, mwanangu. Mawe na ngazi. Na kila jiwe lina mwenyewe, na wenyewe ni watatu.”

Akasema waliuza mikate ya duara yenye ufuta. Akasema ufunguo wa kanisa kubwa, lile la Kaburi, wanautunza Waislamu, tangu enzi na enzi, kwa kuwa Wakristo wenyewe kwa wenyewe hawakuaminiana. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akasema baba yake alilia alipomaliza kusali. Walipotoka Unguja hakulia, walipomzika babu hakulia, akaja kulia kule, mbele za watu. Mtoto akaogopa. Mpaka leo hajui alimlilia nani.

Nimeandika: ngazi, mikate, ufunguo. Habari ya baba sikuiandika, haina faida kwa kiongozi. Lakini nimeikumbuka tena kwenye metro, na nikapitiliza kituo.

Jioni nimejaza fomu ya viza. Umewahi kuingia nchini? Nikajibu ndiyo, Novemba 2021. Msimamo ni kitu kizuri.

Jumapili, 15 Januari

Aibu! Aibu tupu!

Kikao baada ya misa. Nilianza vizuri. Ngazi, mikate ya ufuta, ufunguo. Akina mama waliguna kwa mshangao. Redempta alikuwa anaandika! Ndipo Gerishom akanyoosha mkono, mpole kama kondoo. Akauliza ile pantoni ya kuvukia kwenda Mlima wa Mizeituni, bado iko?

Afadhali ningenyamaza. Nikasema bado iko, ila washike vizuri, mawimbi ya asubuhi ni makali.

“Hakuna bahari huko, boss,” akasema Gerishom. “Hata ziwa hakuna.”

Redempta akafungua ramani kwenye simu. Ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akaniuliza kama labda ilikuwa mvua kubwa.

Gerishom ndiye kiongozi. Alisimama akasema hajawahi kufika, lakini amesoma na ataendelea kusoma. Watu wakapiga makofi! Kwa mtu kukiri hajui! Redempta akampigia wakala, naye akalegeza sharti pale pale. Mimi nitakwenda kwa nauli yangu, kama hujaji wa kawaida. Sawa. Mshumaa hauulizi nani kiongozi.

Jumatatu, 30 Januari

Viza zimetoka. Tisa.

Nikaenda Deira moja kwa moja kutoka bohari ninakofanya kazi, na vumbi la maboksi mwilini. Wakala akanionyesha fomu yangu. Uliandika umewahi kuingia, akasema. Wametafuta. Hakuna mtu wa jina lako aliyewahi kuingia, Novemba wala mwezi wowote. Nikamwambia ilikuwa kosa la kalamu. Akasema kalamu imeandika hadi mwaka. Khalas, imekwisha.

Nimetembea mpaka Qusais. Ni mbali mno. Sikutaka kukaa mahali penye watu. Edna alikuwa akinibeba mgongoni kuvuka mto tukienda shule, na mimi nilikuwa mzito. Kuna kitu kimoja tu nilichoombwa kumfanyia.

Jumatano, 1 Februari

Nimefanya jambo gumu kuliko yote. Nimemwambia Gerishom.

Alikuwa anapiga pasi sare yake. Nilimwambia yote, tangu simu ya mama hadi chapati. Nilingoja acheke.

“Manze, Kasian,” akasema. “Wewe ni noma.”

Halafu akazima pasi, akakaa kitandani kwangu. Akauliza Edna alikuwa na miaka mingapi. Thelathini na mmoja, nikasema. Akauliza aliacha watoto. Wawili. Akatoa kijitabu anachoandikia magari yanayoingia kwenye jengo lake.

“Niandikie jina lote. Sitaki kwenda kumtaja mtu nusu.”

Nikaandika Edna Ndunguru. Idd, ambaye tulidhani amelala, akasema kutoka kitanda cha juu kwamba Gerishom akipita karibu na msikiti, amwombee Bi Kuruthum na baba yake.

Alhamisi, 9 Februari

Gerishom amepiga simu kutoka kule! Mchana, nikiwa mapumzikoni. Nyuma yake kengele zilikuwa zinalia na adhana inatoka, vyote kwa pamoja, na hakuna kimoja kilichomngoja mwenzake.

Akasema amepanga foleni kwa muda wa saa mbili. Akawasha mshumaa. Hazikupita dakika tano, mtawa mmoja akaja akauzima na kuung'oa, maana mishumaa ni mingi na mahali ni padogo. Mahujaji wengine walikuwa wanaondoka. Gerishom akasema yeye hakuridhika. Akawasha wa pili. Ukaondolewa. Akawasha wa tatu, akasimama mbele ya yule mtawa, akasema jina kwa sauti: Edna Ndunguru. Watu wakageuka. Mtawa akamtazama, akauacha.

“Umewaka mpaka mwisho, bro. Nimesimama hapo mpaka mwisho.”

Nilienda nyuma ya maboksi. Sasa nadhani najua kidogo yule mzee wa Unguja alimlilia nani.

Nimeamua: kesho namwambia mama ukweli. Wote. Sitadanganya tena maishani.

Ijumaa, 10 Februari

Nimempigia mama. Nikamwambia mama, sikwenda mwaka juzi. Nilikudanganya.

Akasema anajua.

“Siku ile uliponiambia mshumaa umewaka, nilisikia mtu anakuomba chumvi.”

Muda wote huo! Nikamwuliza mbona hukusema. Akasema usiku ule yeye alilala, mara ya kwanza tangu msiba, na mtoto anayemdanganya mama yake ili alale hawezi kupigwa kwa simu. Nikamweleza habari ya Gerishom, mshumaa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema mwambie huyo kijana wa watu, nyumba yangu ni yake.

Tulilia wote wawili. Moyo ukawa mwepesi kama karatasi. Mtu mpya kabisa!

Kisha akauliza: na kazi, mwanangu, inakwendaje?

Nikamwambia nimepandishwa cheo. Msimamizi wa bohari zima.

Sijui ilitokaje. Mama alipiga vigelegele. Ameshamtuma mjukuu kwa Padre, litangazwe Jumapili.

Msimamizi wetu wa sasa ni Khalfan. Ana afya nzuri mno, na hajawahi kuchelewa kazini. Lakini nina mpango.