Daraja la Angleterre kwenye Kijito Chetu

Butembo, Jumatatu, 6 Machi 2000
Leo nimeona daraja! Si kwa kusafiri, ni kwenye kalendari ya Kasimu, mwenye lori. Vita vimefunga barabara ya Beni, donc lori limelala na sisi tunaangalia picha. Mungu wangu! Matao ishirini na manne ya matofali, marefu kuliko mikaratusi, yanavuka bonde zima la Angleterre, kwa Waingereza. Kasimu amenisomea maandishi: lilijengwa wakati wa malkia wao Victoria, na treni haipiti tena, miaka arobaini sasa. Na bado limesimama! Bila kazi! Kondoo wanakula majani chini yake. Niliangalia mpaka Kasimu akaniuliza kama sina kwangu.
Nimeamua. Askari walichoma mbao za daraja letu la kijito wakapikia maharagi. Mimi nitajenga tao.

Jumanne, 7 Machi
Jirani Ananie anataka kulaza miti miwili ya mukaratusi juu ya kijito, basi. Miti miwili! Mutu bila macho. Nimechukua matofali ya jiko la Kanyere, bibi yangu wa ndoa. Tao linaomba mbao za kulishikilia toka chini mpaka udongo ukauke. Mbao hakuna. Nimetoa za kitanda chetu.

Jumatano, 8 Machi
Kanyere amelala chini usiku mmoja tu, amechoka. Ameenda kwa mama yake, ng'ambo ya kijito. Amesema atarudi siku kitanda kitarudi, mbele ya hapo hapana. Na amepita juu ya miti ya Ananie! Mais tao langu, pande mbili zimekutana. Zuri kabisa! Nimelizunguka mara kumi. Hata Ananie alisimama kuliangalia.

Ijumaa, 10 Machi
Nyumba bila Kanyere ni baridi. Sombe, majani ya muhogo, nimeunguza. Ninataka arudi! Donc nimetoa mbao chini ya tao, nirudishe kitanda. Udongo ulikuwa mubichi, kidogo tu! Tao limesimama muda wa Baba Yetu moja. Halafu, puu! Lote juu ya mbao za kitanda, zimevunjika zote. Ananie amesema pole. Pole gani, na anacheka!

Jumapili, 12 Machi
Kisha misa, mama mukwe ameniletea mbao mpya. Amesema nitengeneze kitanda leo hii, Kanyere anatamani kwake. Nimefurahi mpaka machozi. Nimeshika nyundo. Halafu nimepita kwa Kasimu, kuangalia kalendari kidogo.
Kumbe! Kosa nimeliona. Mimi nilijenga tao moja. Wao walijenga ishirini na manne, yanasaidiana! Mbao hizi zinatosha matao mawili ya kuanzia. Kanyere avumilie kidogo. Atarudi nyumbani kwa kupita juu yake, kama malkia!