Muhula Wangu Ugiriki, Kupitia Soy

Alhamisi, 12 Aprili 1951

Nimefika Ugiriki. Yaani, nimefika Soy, kwenye shamba la Bwana Kaloudis, ambaye ni Mgiriki halisi. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Jana kanisa zima lilinisindikiza stesheni ya Eldoret. Waliimba. Walilia! Nabwire, mchumba wangu, alinifungia kuku wa kuchoma wa kula melini. Baba yake, Mzee Murunga, mwalimu wa kwaya, alitangaza mbele ya abiria wote kwamba mkwe wake Jackson Kituyi anakwenda chuo kikuu huko Athene, muhula mzima, kusomea mila za Wagiriki. Nilipunga mkono mpaka gari la moshi likapinda kona. Stesheni ya pili nikashuka. Nikarudi kwa miguu kupitia Kiplombe, nikiinamainama mashambani kama mwizi wa mahindi. Kuku aliniishia kabla ya kufika Soy.

Ukweli ni kwamba chuo kilinikataa. Lakini kilinikataa baada ya mimi kutangaza kanisani kwamba nimekubaliwa. Kosa ni lao, wangejibu mapema. Na Mzee Murunga alishasema wazi: binti yake hamwozi mtu wa kukaa tu. Nikirudi na elimu ya Wagiriki, ni harusi mwezi wa Agosti. Nikikosa, Wamalwa yupo. Huyu Wamalwa ni fundi cherehani. Ana baiskeli na anajua kwamba anayo.

Mpango wenyewe ni huu. Mila za Wagiriki ziko kwa Wagiriki. Nitakaa kwa Kaloudis mpaka Agosti, nizisome zote, kisha nirudi Eldoret nikiyumbayumba kama mtu aliyetoka baharini.

Ijumaa, 13 Aprili

Sijawahi kushtuka hivi. Nilimwambia Bwana Kaloudis kwamba mimi ni karani. Akaitazama mikono yangu, akanipa ndoo. Nakamua kondoo! Kondoo! Kwetu mtu akikuta kijana wake anakamua kondoo ataita wazee. Nyapara Kiprotich alicheka mpaka akakaa chini. Alisema hata kondoo wenyewe wanashangaa.

Mila ya kwanza nimeipata, hata hivyo. Inanuka.

Jumanne, 17 Aprili

Ajabu ya mwaka! Bwana Kaloudis ana kondoo kilima kizima, jibini limejaa ghalani, na anakula maharagwe. Nilichungulia dirishani. Maharagwe, mkate, kitunguu. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hata yai hakuna. Chakula chake ni kama changu! Nikajua mara moja kwamba amefilisika.

Msomi hakai na huzuni ya mwenzake. Nilimwendea kwa heshima, kofia mkononi, nikampa pole. Nikamwambia hata sisi nyumbani tumewahi kukosa, na Mungu hamtupi mja wake. Alinitukana kwa Kigiriki, kwa muda mrefu sana. Nilisikiliza kwa makini, maana hilo lilikuwa somo langu la kwanza la lugha. Maneno kadhaa nimeyashika vizuri.

Baadaye Kiprotich alinieleza kwamba bwana anafunga. Pasaka yao bado.

Pasaka bado! Pasaka tulishaila mwezi wa Machi, na mimi mwenyewe niliimba besi! Nilimwambia Kiprotich kwamba Bwana Yesu ameshafufuka, Eldoret nzima ni shahidi. Akasema nikamwambie Kaloudis. Nimeona niliache.

Ijumaa, 27 Aprili

Leo memsahib, mke wa Kaloudis, amechemsha mayai na kuyatia rangi nyekundu kama damu. Nilipiga yowe jikoni. Kumbe ni ya Jumapili, siku ya Pasaka yao. Watu watayagonganisha, na yule ambaye yai lake halikupasuka ndiye mwenye bahati. Mila hii nimeipenda. Nitaipeleka Eldoret na kuwa maarufu.

Lakini yote hayo si kitu. Kaloudis hana kanisa la kwao huku, na hawezi kula Pasaka bila nyimbo. Kesho kutwa anatuma lori mjini likalete kwaya. Nikauliza, kwaya gani? Akasema ile ya mzee mwenye tai, Murunga.

Nikajitia mgonjwa. Kiprotich akatazama ulimi wangu, akasema hata ng'ombe wake hawana ulimi mzuri hivyo. Nikaomba nipelekwe bonde la mbali na kondoo. Badala yake nimepewa kazi ya kuzungusha mwanakondoo mzima juu ya moto, mbele ya wageni wote!

Lakini sijashindwa. Nitajipaka masizi usoni na kuvaa gunia kichwani. Wageni watatazama nyama, si mpishi.

Jumapili, 29 Aprili

Niandike tu.

Kwaya ilifika. Mzee Murunga alikuwa na tai. Nabwire alivaa kitambaa cha buluu, na nilipomwona nilitaka kulia papo hapo kwenye moshi. Kando yake, nani? Wamalwa! Tangu lini Wamalwa anaimba?

Masizi yalifanya kazi kuliko nilivyoota. Mzee Murunga alisimama karibu nami, akamwambia Kaloudis kwa fahari kwamba mkwe wake yuko Athene wakati huu, anakula Pasaka na maprofesa. Kaloudis alifurahi mpaka akamkumbatia. Mimi nilizungusha kwa haraka mno, mguu wa mwanakondoo ukachomoka. Hakuna aliyenitazama. Wamalwa mwenyewe alinijia na sahani. "Wewe, nikatie ubavu." Nikamkatia mafuta matupu, akaenda zake. Ushindi! Nilianza hata kuimba besi polepole.

Ndipo akaja Mama Nanyama, mama yake Nabwire, na sahani yake, moja kwa moja kwenye moto.

Sasa, kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe. Hampi mkono, hali chakula mbele yake. Akikutana naye njiani anapisha hata kama ni kichakani, na anageuza uso. Mambo haya hayafikiriwi. Miguu inayajua yenyewe.

Miguu yangu iliyajua! Nilitupa mti wa kuzungushia, nikaruka pembeni, nikatua katikati ya waridi za memsahib, nikampa mgongo na kuziba uso kwa mikono. Mwanakondoo akaanguka majivuni.

Mama Nanyama alikuwa amesimama palepale, naye ameshageuza uso kwa mazoea. Akasema, akitazama upande wa banda la kondoo: "Mimi nina mkwe mmoja tu, na yuko Ugiriki. Huyu anayenipisha ni nani?"

Mzee Murunga akaondoa gunia. Nikaona niokoe jahazi kwa elimu. Nikatamka Kigiriki changu chote, kwa sauti. Memsahib aliziba masikio. Yai likamponyoka Kaloudis.

Jumatatu, 30 Aprili

Nimefukuzwa chuo. Lori lilikuwa na nafasi, lakini Mama Nanyama alikuwa ndani, na mkwe hapandi lori moja na mama mkwe. Nimerudi Eldoret kwa miguu.

Mzee Murunga alitaka uchumba uvunjwe jana ileile. Aliyenitetea, sikuamini masikio yangu, ni Mama Nanyama. Leo nyumbani kwao, akiwa nyuma ya mlango, alisema mimi ni mwongo, tena mwongo mjinga, lakini hata katika uongo sikusahau heshima yake. Mtu wa hivyo anaweza kutengenezwa. Basi mzee ametoa sharti: Jumapili nisimame kanisani niseme, "Nilikuwa Soy." Maneno hayo tu. Nikiyasema, Agosti ni harusi.

Nabwire alinisindikiza hadi langoni. Alisema hakuomba Ugiriki hata siku moja. Alisema usiku ule wa safari hakulala, akiwaza kwamba nimezama baharini. Nilijisikia vibaya. Vibaya kabisa! Nilimwapia kwamba nimekoma.

Jumapili, 6 Mei

Nilisimama. Kanisa lilijaa mpaka dirishani. Nikasema, "Nilikuwa Soy."

Watu wakasema amina. Mzee Murunga akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nabwire akatabasamu, tabasamu lile la kwangu peke yangu. Mwenye akili angeketi hapo.

Lakini jamani, walivyokuwa wakinitazama! Kwa upendo! Nikasikia kinywa changu kinaendelea: nilikuwa Soy kwa sababu chuo kikuu cha Athene kilinituma Soy, kwa siri, kuchunguza kondoo.

Hakuna aliyesema amina. Nabwire aliinuka, akapita katikati ya viti, akatoka. Nilisikia kengele ya baiskeli nje.

Ibada ilipokwisha nilisimama mlangoni peke yangu. Mama Nanyama akaja. Nikaruka kumpisha, nikageuza uso. Yeye hakupisha. Alinifuata hadi kwenye nyasi, akanitazama machoni, akaushika mkono wangu wa kulia na kuutikisa, kama anavyomsalimia mpita njia yeyote sokoni.

"Kwaheri, kijana," akasema.

Nimeutazama mkono huu tangu mchana. Naulilia.

Lakini nimetafakari pia. Mpango haukuwa na kasoro, kasoro ilikuwa nchi. Wagiriki wana Pasaka nyingi mno. Nasikia kuna Mwitaliano anajenga madaraja upande wa Turbo, na Waitaliano Pasaka yao ni ya Machi kama yetu. Kesho nitamwambia Mzee Murunga kwamba chuo kikuu cha Roma kimeniita. Safari hii nitashuka stesheni ya kwanza, maana ile ya pili ilinichosha sana kurudi kwa miguu.