Samurai na Mashine ya Vifungo

Kiwandani kwetu alikuwapo mtu aliyejua Kijapani kuliko Wajapani wenyewe. Tulilijua hilo kwa sababu alituambia mwenyewe, kila siku, kabla ya chai na baada ya chai!

Jina lake la kwenye kitambulisho hatukuwa na haja nalo. Alijiita Samurai. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani zinapogoma, na sisi wengine tulikata na kushona sare. Alikuwa pande la mtu, mabega kama kabati, sauti ya kutikisa madirisha.

Lakini mweke mbele ya filamu ya katuni za Kijapani, uone!

Kila mapumziko ya mchana aliegemeza simu kwenye kikombe cha bati, akajikunja juu ya kistuli, akazama. Ole wako umsemeshe.

"Katuni gani hizo, mtu mzima wewe?" nilimchokoza siku moja.

"Anime!" alifoka. "Katuni ni za watoto. Hebu tazama mvua hii. Kila tone limechorwa kwa mkono! Kila tone! Wewe shati moja tu unalikata upande."

Nikatazama. Kusema ukweli, mvua ilikuwa nzuri. Nilipoinua macho nikaona na mashavu ya Samurai yamelowa.

"Vumbi la pamba," alisema, akajipangusa kwa kola ya ovaroli.

Sasa basi. Kiwanda kikanunua mashine mpya ya kushona vifungo. Ikafika, ikakaa sakafuni wiki mbili kama bibi harusi aliyenuna, kwa kuwa hakuna aliyejua kuifunga. Mashati elfu mbili ya wauguzi yalikuwa yakiisubiri, yamefunguka vifua vyote, na hospitali ilikuwa ikiyataka kufikia Ijumaa. Walioitengeneza wakamtuma fundi wao kutoka Japani.

Jumatatu asubuhi akaingia mzee mmoja mfupi, nadhifu, ana sanduku la vifaa kila mkono. Mkalimani ndiye hakuonekana. Alipiga simu kwamba gari lake limeharibika njiani, atafika saa nane.

Mama Meneja akashika kichwa. "Saa nane! Tutakaa tunatazamana?"

"Mama," ilisema sauti kutoka nyuma, "mkalimani wa nini, na mimi nipo?"

Watu wakapisha njia. Samurai akapita katikati yetu kidevu juu. Akasimama mbele ya mgeni, akainama hadi paji la uso likakaribia magoti, akafumua Kijapani!

Mzee akarudi hatua moja nyuma. Akachungulia nyuma ya Samurai, kama anayetafuta mtu mwingine. Kisha akafunika mdomo kwa kiganja, macho yakicheka.

"Mnaona?" Samurai alitugeukia. "Kafurahi kukutana na msomi."

Mzee akaongea. Akaongea tena. Akaongea dakika nzima, akionyesha mashine, akionyesha waya, akionyesha chupa ya mafuta.

"Kasemaje?" aliuliza Mama Meneja.

"Kasema hamjambo."

"Maneno yote yale?"

"Mama, Kijapani ni lugha ya adabu. Katika maneno kumi, tisa ni shikamoo."

Tukatikisa vichwa kwa heshima. Hata mimi, nakiri, nilianza kujuta kwa ule uchokozi wangu.

Mzee akaifunga mashine taratibu, Samurai akimpa spana zisizotakiwa. Ilipofika karibu saa nane, mzee akasimama wima, akapandisha mikono miwili, akaipishanisha kifuani kama mkasi.

"Hiyo naijua!" Samurai aling'aka. "Ni ishara ya mashujaa kabla ya vita. Maana yake, songa mbele!"

Akabonyeza swichi.

Ndugu yangu, usiombe! Mashine ilipiga kelele kama fisi aliyekanyagwa mkia. Vifungo viliruka huku na huku, vikatupiga mapajani, kimoja kikatua ndani ya chai ya Mama Meneja. Sindano ikadaka ukingo wa mkono wa ovaroli ya Samurai, ikaanza kumshona! Kifungo cha kwanza, cha pili, cha tano, ovaroli na shati la muuguzi vikawa kitu kimoja. Samurai akavuta, mashine ikavuta. Akapiga mayowe kwa Kijapani, kwa ile sauti yake yote ya kutikisa madirisha!

Mzee akajirusha chini kama golikipa, akang'oa plagi.

Mashine ikazima.

Mkalimani alipowasili saa nane, dada mmoja mpole mwenye mkoba begani, alikuta wanawake wawili wakimkata Samurai nyuzi. Vifungo kumi na vinne, na ngozi haikuguswa hata kidogo. Mzee akamsimulia dada huyo yaliyotokea. Alisimulia akicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

"Anasemaje?" Mama Meneja aliuliza.

Dada akasita. "Anauliza... yule binti mdogo ametokea wapi?"

"Binti gani?"

"Huyu kaka. Anaongea kama mtoto wa kike wa miaka mitano. Hata neno la 'mimi' analotumia ni la vitoto vya kike. Anasema alipofika alisalimiwa hivi: 'Babu, mimi nimekunywa maziwa yote. Umemwona kobe wangu?'"

Nyuma huko mtu alikohoa, kile kikohozi cha kuzuia kicheko.

"Na aliponaswa na sindano?" Mama Meneja aliendelea kuuliza.

"Alilia, 'Mama, nimepotea msituni, naogopa radi!'"

"Na ile mikono ya mkasi?"

"Ile ni kukataza. Alisema ole wenu mkiiwasha, bado haijatiwa mafuta."

Kiwanda kizima kikaanguka kwa kicheko! Wengine walilalia marobota ya vitambaa. Samurai akawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

"Filamu ile nimeitazama mara arobaini na moja," alinong'ona. "Ya binti aliyepotelewa na kobe. Nikaishika yote. Kila neno."

Dada akamtafsiria mzee. Mzee akaacha kucheka. Akamtazama Samurai kwa muda, akauliza jambo kwa upole.

"Anauliza kama unayo hapo kwenye simu."

Kuanzia siku hiyo mzee hakutaka msaidizi mwingine. Samurai ndiye aliyeshika tochi, ndiye aliyetia mafuta. Mchana walibanana kwenye benchi moja mbele ya kile kikombe cha bati, na kobe alipopatikana ule upande wa pili wa mto, wote wawili walipatwa na vumbi la pamba. Alhamisi jioni mashati elfu mbili yalikuwa yameshonwa vifungo.

Siku ya kuondoka, mzee akampa Samurai kifurushi kwa mikono miwili. Ama kweli mtu habadiliki! Samurai akavimba papo hapo.

"Shuhudieni!" alitutangazia. "Hiki ni cheti cha ufundi. Hawapewi watu ovyo ovyo!"

Akachana karatasi. Ndani mlikuwa na daftari la miraba mikubwa, na kwenye jalada picha ya chura amejifunika mwavuli.

"Soma basi, msomi," nilimwambia.

Akaligeuza hivi, akaligeuza vile. Mkalimani akamwonea huruma.

"Limeandikwa: 'Herufi Zangu za Kwanza. Chekechea.'"

Mzee akampigapiga Samurai begani, akaongeza maneno machache.

"Anasema usijali, wala usikimbilie," dada alitafsiri. "Mjukuu wake alilimaliza kwa miezi miwili. Lakini yule, anasema, ana akili sana."